Ndege wa Manjano katika Filamu Isiyo na Rangi

Ninyi vijana mnaounganisha video za arusi kwa kompyuta, juzi mlinicheka nilipowaambia kwamba kazi yangu yote ya sinema ilikaa ndani ya neno moja. Chekeni tu. Neno lenyewe ni "iko". Hapa Kisangani kila kitu ni iko: mvua iko, kwanga iko, Papa iko, njaa iko. Mtu wa pwani akitusikia anashika kichwa. Lakini neno hilo lilinilisha, likanisomeshea watoto, na mwisho likanitoa machozi. Kwa hiyo leo mtanivumilia, ijapokuwa mimi si mtu wa kusema. Mimi nilikuwa mtu wa mashini. Mwenye kusema alikuwa Asumani.

Nilitoka Barumbu, kwa wavuvi, nikapata kazi katika sinema moja hapa mjini, miaka kadhaa kabla nchi haijaitwa Zaire. Chumba cha mashini kilikuwa juu, nyuma ya watu, kidogo kama jiko, na joto lake lilikuwa la jiko vilevile. Taa ya mashini ilikuwa inawashwa kwa vijiti viwili vya makaa vinavyotazamana. Ukivisogeza vibaya, picha inakuwa ya njano, ukivisogeza zaidi, inazimika kabisa. Tulifanya kazi kifua wazi. Aliyenifundisha ni Papa Lisungi, mzee mkali mwenye vidole vyeusi, na somo lake kubwa lilikuwa hili: "Utaangalia kwanza, ndiyo utajibu."

Nililidharau somo hilo. Siku moja mwenye sinema aliuliza kutoka chini kama niko tayari, nikaitikia ndiyo bila kutazama, nikawasha. Bobini, lile gurudumu la filamu, nilikuwa nimeiweka juu chini. Watu kwenye kitambaa cha picha wakawa wanatembea kwa vichwa, mbwa naye miguu hewani. Miluzi ikapigwa, ganda la njugu likafika mpaka kwenye dirisha langu. Mtu aliyeniokoa ni Asumani. Alisimama pale chini, akasema taratibu kabisa: "Bon. Sasa tumefika kwa bazimu. Kule banatembea hivi." Watu wakanyamaza, wakaitazama ile mizimu kwa heshima, hadi nilipoigeuza bobini.

Asumani alikuwa mtu wa Maniema, Mwislamu, kofia nyeupe ya kufumwa, mwembamba, sauti kubwa kuliko kifua chake. Filamu zilikuja na Kifaransa cha haraka haraka ambacho hata makarani walikipata nusu. Kwa hiyo yeye alisimama chini ya kitambaa na kutueleza kwa Kiswahili chetu, na Lingala kidogo pale pa matusi. Lakini sikilizeni ajabu yake: alisimama ameipa filamu mgongo. Alikuwa anatazama watu. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Hadithi iko mu macho ya batu, haiko mu kitambaa."

Sasa, mtu aliyeipa picha mgongo hajui kama picha bado ipo. Ndipo likaingia lile neno. Kila baada ya muda alipaza sauti kuja kwangu: "Iko?" Mimi natazama kupitia kidirisha, naona picha imekaa sawa, najibu: "Iko!" Anaendelea. Filamu ikikatika, naita: "Haiko!" Hapo yeye hakuwaacha watu gizani. Alianza kusema mambo mengine, ya jirani yake, ya bei ya samaki, ya mtu aliyeoa akasahau nyumba ya mke iko wapi, mpaka mimi nimalize kuunga. Halafu anauliza tena: "Iko?" Namjibu iko, naye anarudi ndani ya hadithi palepale alipoiacha, hata neno halipotei. Tulifanya hivyo miaka mingi, na sikumjibu hata mara moja kabla ya kutazama. Lile somo la mbwa miguu hewani lilinitosha.

Filamu tuliyoionyesha kuliko zote ilikuwa ya upelelezi. Jina lake la Kifaransa hakuna aliyejisumbua nalo; mji mzima uliiita Mutu wa Kofia. Tajiri anakutwa amekufa mezani pake, nje mvua inanyesha. Anakuja mpelelezi mwenye kofia. Watu wote wanamshuku mke wa marehemu, mama mmoja mrembo wa huzuni. Mwisho inajulikana kwamba aliyeua ni daktari, na yule mama anatembea peke yake juu ya daraja, mpelelezi anamtazama kwa mbali, anavaa kofia yake, basi. Filamu nyeupe na nyeusi tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nyeupe na nyeusi kwenu ninyi. Kwetu sisi ilikuwa na rangi, maana Asumani alizitia. "Gari ya daktari iko nyekundu kama mawese," anasema. "Ukuta wa tajiri iko rangi ya papai." Na watu waliziona! Nimewasikia wanaume wawili wakigombana njiani, mmoja anasema lile gari lilikuwa jekundu, mwenzake anasema hapana, lilikuwa jekundu limepauka jua. Hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa rangi ya moshi.

Alikuwa na akili, mtu yule. Mnajua nchi ilipoitwa Zaire tai zilikatazwa, watu wakaitana citoyen, yaani raia, na mwanaume mwenye cheo anavaa abakosti, koti lisilo na tai, na kufunga shingo. Siku moja mtu wa chama akasimama katikati ya filamu akauliza, "Citoyen, mbona babwana ya film yako yote iko na cravate?" Mimi juu nikashika mpini wa vijiti vya makaa, nikasema leo tumekwisha. Asumani akamjibu kwa adabu: "Citoyen, ile ni kamba. Kila mwenye kamba pa shingo, mwisho wa filamu iko nakamatwa." Yule bwana akauliza, na mwenye kofia je? "Ule alijifunga yake ili bauaji bazanie ni mwenzao." Mtu wa chama akacheka mpaka akakaa, na akabaki hadi daktari alipotiwa pingu.

Ndege walikuja kwa ujinga wangu.

Ndani ya mashini kuna mlango mwembamba wa chuma, filamu inapita hapo mbele ya taa. Uchafu ukikaa pale unakuwa mgumu kama jiwe, unaichuna filamu. Kabla ya kila bobini unapangusa, na hupangusi kwa chuma, unapangusa kwa kijiti cha mti laini. Siku hiyo sikupangusa. Bobini ya mwisho ikapita, na yule mama alipopanda darajani na gauni lake la giza, nikaona vidoa vyeupe vinarukaruka mwilini mwake, vingine virefu kidogo, kama vina mabawa. Papa Lisungi alinitukana kwa majina ya samaki wote wa Barumbu.

Chini watu walianza kunong'ona. Asumani akaliona jambo katika macho yao, akauliza, "Iko?" Nikatazama, nikajibu kwa aibu, "Iko na madoa!"

Hakuvuta hata pumzi. "Robe ya ule mama," akasema, "ni pagne ya kijani, na juu yake kuko ndege ya manjano. Ona vile inaruka."

Kwenye benchi la mbele alikaa Zaina, mkewe. Alikuja karibu kila Jumapili, kwa sababu mumewe nyumbani hasemi sana, alituambia, maneno yote anayaacha kazini. Na siku ile Zaina alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Alifunika mdomo kwa kiganja akacheka, mabega yanatikisika, na wamama wa karibu wakamgeukia wakapiga vigelegele. Tangu hapo ndege hawakutoka tena. Mikwaruzo haifutiki, vijana. Kila tulipoionyesha Mutu wa Kofia, watu walingoja daraja, na wale ndege wakapita.

Niwaambie na kuunga, maana mnadhani kuunga ni kubonyeza. Filamu ikikatika, unachukua wembe, unakwangua upande mmoja mpaka ibaki ngozi tupu, unapaka gundi inayonuka kama rangi ya kucha, unalaza mwenzake juu yake, unabana, unangoja. Ukibana kwa haraka inaachia mbele ya watu. Na kila mahali ulipounga umepoteza vipicha kadhaa, maana ile sehemu iliyochanika unaitupa. Mkato mmoja hauonekani. Lakini filamu ya miaka mingi inapungua kama sabuni. Katika ile yetu, mpelelezi alikuwa anavuta kiti akae, mara yuko nje mvuani. Daktari anafungua mdomo kusema uongo, mara amekwisha kusema. Asumani aliyapita mashimo hayo bila kujikwaa. Alijua kila mkato kwa moyo, nami niliujua kwa vidole.

Zaina alikufa kwa homa, wakati wa mvua nyingi. Alilala siku chache tu, tukadhani ataamka, hakuamka. Tulimzika, Asumani akakaa matanga, kisha akarudi kazini kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Mwenye sinema, bila ubaya wowote, akaweka Mutu wa Kofia. Nilitaka kushuka nimwambie mwenzangu aende nyumbani. Lakini alisema vizuri, alichekesha watu vizuri. Yule mama alipopanda daraja, akasema, "Robe ya kijani. Ndege ya manjano." Halafu hakusema kitu tena hadi daraja likaisha. Watu walidhani ni ufundi wake mpya. Mimi nyuma ya kidirisha nililia kama mtoto, na jasho likanisitiri.

Baada ya hapo alinyamaza hivyohivyo kila mara, palepale.

Mambo ya sinema kufa yatawachosha. Mwenye sinema, Mgiriki, aliondoka nchini biashara za wageni zilipogawiwa wenyeji, na aliyepewa sinema hakujua hata mafuta ya mashini yanatiwa wapi. Yakaondoka mabenchi, ikaondoka mashini. Filamu zilibaki ndani ya mabati yao kwenye unyevu, zikaanza kunuka siki, zikashikana. Siku nilipofungua bati la Mutu wa Kofia nilitoa kitu kama mkate ulioungua. Nilikirudisha nikafunga.

Kisha zikaingia kaseti. Nikapata televisheni na mashini ya video, nikafungua chumba cha video mtaani Mangobo, mablanketi kwenye madirisha, mabenchi ya mbao. Watu walitaka karate, na karate haihitaji mwelezaji. Asumani wakati huo macho yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu, na baadaye yakafungwa kabisa. Kila mchana alikuja akipapasa ukuta kwa fimbo, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wangu, akasikiliza watu wanavyopigana. "Film gani hii," alinung'unika, "banapigana tu, hakuna mutu anauliza kitu." Nilimletea chai. Kumkuta pale kila siku kulinifurahisha na kuliniuma, vyote viwili.

Siku moja, chumba kitupu, akanishika mkono.

"Bolamba, nikuambie kitu. Tangu macho ilifungwa, sura ya Zaina iko napotea."

Nikamwambia hapana, mke hapotei.

"Anapotea. Nashika pua yake, inaponyoka. Nashika kicheko, inaponyoka. Pahali moja tu nilikuwa namuona muzima: pale pa daraja, na ile pagne. Niko nasema, naye anapita nyuma ya mugongo yangu. Sikugeuka hata siku moja, lakini nilikuwa namuona. Sasa kusema hakuna tena." Akaniachia mkono. "Ningesema ile filamu mara moja tu tena. Mara moja, mbele ya batu. Halafu basi."

Nitaitoa wapi? Filamu yenyewe ilikuwa imekuwa mkate.

Lakini Mungu ana njia zake. Kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Butembo, Kambale, Mkatoliki mzuri wa kucheka, aliyeniletea kaseti pamoja na sabuni na betri zake. Akaja siku moja na kaseti ya gamba jeusi, juu yake mpelelezi na kofia yake. Nilimtambua kabla sijasoma. Wazungu walikuwa wameitengeneza upya: waliandika kwa Kifaransa kwamba picha imesafishwa, mikwaruzo imeondolewa, na sehemu zote zilizopotea zimerudishwa. Niliichukua kwa mikono miwili. Kabla sijaitazama nilimwambia Asumani, na hilo ndilo nililoharakia. Aliinuka kutoka kitini pake, akasema "Alhamdulillah", akaanza kusafisha koo papo hapo, kana kwamba watu wamekwisha kukaa.

Alipokwenda nyumbani nikaitazama peke yangu.

Jamani, ilikuwa nzuri. Mvua ilionekana tone kwa tone. Mpelelezi alivuta kiti, akakaa, akasema maneno tusiyowahi kuyasikia, akasimama, akatoka. Kila kitu nilichokitupa sakafuni kwa wembe wangu kilikuwa kimerudi. Halafu daraja. Yule mama akapita na gauni la giza, safi, laini, linang'aa kidogo kwa mvua. Nikarudisha nyuma nikatazama tena. Hakuna ndege hata mmoja. Walikuwa wameufuta ujinga wangu, na pamoja nao wakamfuta Zaina.

Ningemwambiaje? Nilikwenda kwake mara mbili na maneno mdomoni nikarudi nayo. Mara ya kwanza nilimkuta anapiga pasi shati lake jeupe kwa kupapasa. Mara ya pili alikuwa anafanya mazoezi ya sauti ya daktari, watoto wa jirani wanamcheka. Mwishowe nikajifariji: yeye haoni, na watu watatazama hadithi, nani atahesabu ndege?

Lakini tatizo jingine lilikuwa la kazi, na hilo nililiweza. Asumani aliijua filamu yetu, ile iliyochanika. Hii nzima ingekuwa ndefu kuliko maneno yake; angefika kwenye mauaji huku kwenye televisheni bado wanakunywa chai. Kwa hiyo nilikaa na kidude cha mkononi, nikajifunza upya kila mahali nilipokata zamani, ili nikifika hapo nibonyeze picha ikimbie hadi ng'ambo ya mkato. Wenzangu Wazungu walikuwa wamehangaika kurudisha vile vipande, nami nikakaa Mangobo navitoa tena kimoja kimoja.

Jumapili mchana chumba kilijaa hadi mlangoni. Wengi walikuwa watu wa zamani, vichwa vimeanza mvi, wamevaa kama wa misa. Mbele kabisa alikaa Mama Feza, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, aliyekuwa akikaa na Zaina benchi moja. Asumani alisimama kando ya televisheni, shati jeupe, kofia yake, akaipa picha mgongo, macho yake yamefumba, uso umeelekea watu.

"Iko?" akaita.

Nikatazama. "Iko!"

Mngezisikia zile kelele za watu! Na sauti yake ilikuwa palepale, haikuzeeka hata kidogo. Gari la daktari lilikuwa jekundu, ukuta rangi ya papai. Alipofika pa kiti nikabonyeza, mpelelezi akaruka kutoka kitini hadi mvuani, na Asumani alikuwa naye mvuani bila kukosea. Mkato baada ya mkato tulivuka pamoja. Vidole vyangu vilikumbuka. Watu walicheka mahali pa kucheka, nami nikaanza kuamini kwamba tutafika salama.

Tukafika darajani. Akashusha sauti.

"Robe ya kijani," akasema. "Ndege ya manjano."

Akanyamaza, kama zamani. Na katika ule ukimya, Mama Feza, ambaye alikuwa ameingoja ile picha miaka yote kwa ajili ya rafiki yake, hakujizuia. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Bolamba! Ndege iko wapi?"

Mtu mmoja akamwambia nyamaza. Mwingine, wa nyuma, akasema kwa nguvu, "Iko, Mama, iko!" Na wengine wakadaka, chumba kizima kikawa kinamdanganya mzee kwa huruma: iko, iko, iko. Mama Feza mwenyewe aliposikia amefanya nini akashika mdomo.

Asumani aliinua mkono wake. Wakanyamaza. Akaelekeza uso mahali nilipokuwa, nyuma kabisa, kama nilivyokuwa nyuma siku zote. Aliuliza polepole.

"Iko?"

Vijana, nilitaka kusema iko. Ulimi ulikwisha kujiweka tayari. Lakini lile neno halikuwa langu peke yangu, lilikuwa letu wawili, na ndilo macho pekee aliyobaki nayo. Nikatazama picha. Niliitazama vizuri, toka shingo ya gauni hadi pindo.

"Haiko," nikasema.

Nikabonyeza, picha ikasimama. Yule mama akabaki katikati ya daraja, anatetemeka kidogo kama kaseti inavyotetemeka ikisimamishwa.

Na Asumani akafanya alichofanya siku zote filamu inapokatika. Hakuwaacha watu gizani. Alisafisha koo, akasema mambo mengine.

"Bon. Kulikuwa mwanamuke moja, jina yake Zaina," akasema. "Alikuwa nakaa hapo, karibu ya Mama Feza."

Alisema jinsi alivyomnunulia kile kitenge na Zaina akamgombeza kwamba nguo za ndege ni za watoto. Alisema jinsi alivyokivaa hata hivyo, Jumapili kwa Jumapili, na jinsi alivyokuwa akipika sombe na kuimba vibaya. Alisema habari za homa. Alisema alimfunika na kitenge kilekile akitetemeka, na ndege walikuwa wanatikisika juu ya kifua chake, na asubuhi hawakutikisika tena. Haya yote hakuwahi kumwambia mtu. Mimi mwenyewe sikuyajua, na nilikuwa nimefanya kazi naye maisha yangu yote. Mama Feza alilia bila kujificha. Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli, na hakuna aliyegeuka.

Alipomaliza akajipangusa uso kwa kofia, akaivaa tena.

"Iko?"

Nilibonyeza. Yule mama akaendelea kutembea. Nikatazama kwanza.

"Iko," nikasema.

Akarudi ndani ya hadithi palepale alipoiacha. Mama alivuka daraja, mpelelezi akavaa kofia, ikaisha. Watu walitoka mmoja mmoja, kila mtu akimgusa bega.

Tulipobaki wawili aliniuliza, "Ile robe, kweli iko rangi gani?"

"Sijui," nikamwambia. "Filamu haina rangi. Iko ya giza tu."

"Donc inaweza kuwa kijani."

"Inaweza."

Akacheka kidogo. "Na ndege ilikuwa uchafu yako. Niliijua tangu siku ile, Lisungi alikuwa nakutukana mpaka sisi chini tunasikia." Akanyoosha mkono kutafuta wangu. "Aksanti kwa kuangalia. Leo nilimuona. Nilimuona pua, nilimuona vyote."

Nilikwenda kwake kesho yake na chai, na keshokutwa. Hakuja tena kwenye chumba cha video. Alisema amechoka, na kwamba karate imemuuma masikio. Haukupita muda mrefu. Aliondoka usingizini, na tulimzika karibu na Zaina, karibu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Kaseti ninayo. Nimewaruhusu muitazame, na nimewasikia mkisema ni safi sana ila haina rangi. Sawa.

Baada ya mazishi sikufungua chumba siku kadhaa. Nilipofungua, kabla sijawasha chochote, Mama Feza alifika na beseni lake la kwanga kichwani. Alikuwa amekwenda kwao kuuguza dada yake, hakuna aliyemfikishia habari. Alikuwa ametenga kwanga moja kubwa, ya mtu fulani, na uso wake ulikuwa wa furaha. Akasimama mlangoni, akauliza kama mtu yeyote wa mji huu anavyouliza:

"Papa Asumani iko?"

Nikakitazama kwanza kile kiti, kwa mazoea.

"Haiko," nikasema.

Akaganda na beseni lake kichwani. Akaningoja. Na hapakuwa na mtu mwingine wa kusema wakati filamu imekatika, basi nikamvutia benchi, nikasafisha koo, nikaanza mimi.